Kengele Mbili Langoni: Maisha ya Mama Priska Chepchirchir Kiptum (1961–2025)

Wewe uliyekuja kumsindikiza Mama, karatasi hii nimeiandika mimi, Fancy Chepngeno, binti yake wa pekee, na ndiyo nitakayoisoma leo Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, hapa nyumbani kwetu nje kidogo ya Kapsoit. Kamati ya mazishi pia ina ya kwake. Ile ya kamati ina aya sita na haina baiskeli hata moja. Ukiona mtu amepewa ile, mwambie aikalie, kwa maana nyasi bado zina maji.

Marehemu Mama Priska alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961 karibu na soko la Ndanai, Sotik. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee arap Sitonik na marehemu Mama Tabutany. Mkunga alipofika alimkuta mtoto ameshaoshwa na kufunikwa, na ndiyo maana akapewa jina la Chepchirchir, jina la wanaozaliwa kwa haraka. Maisha yake yote hakupenda kungojea mtu, wala hakupenda kungojewa.

Alisoma shule ya msingi Ndanai kuanzia mwaka 1969 na kumaliza darasa la saba mwaka 1975, akiwa wa kwanza kati ya wasichana na wa pili kati ya wote. Aliitwa shule ya sekondari iliyokuwa kilomita kumi na moja kutoka nyumbani. Kaka yake Kiplimo alikuwa akisoma hapo hapo, na babu alikuwa ameuza fahali ili amnunulie baiskeli. Mama aliomba abebwe nyuma. Babu alisema msichana hakai kwenye baiskeli, mbele wala nyuma. Basi Mama alitembea. Alikuwa akifika kipindi cha kwanza kimekwisha, anachapwa kwa kuchelewa, kisha anaingia darasani. Aliendelea hivyo kwa mihula miwili, na Agosti 1976 akaacha shule.

Mama alituambia kwamba kilichomuuma zaidi hakikuwa miguu wala kiboko. Kilikuwa kengele. Kila asubuhi Mjomba Kiplimo alikuwa akimfikia njiani na kupiga kengele mara mbili ili apishe. Naye alipisha, akasimama kwenye majani yenye umande na vitabu vyake, mpaka baiskeli ipite. Mjomba Kiplimo yuko hapa leo. Mwaka 2009 alisafiri kutoka Ndanai mpaka hapa, akakaa jikoni kwa Mama, akaomba msamaha kwa kinywa chake, na akamletea kengele mpya ya shaba. Kwa hiyo sina neno naye. Natamka hivyo mapema ili kila mtu aliye hapa ajue kwamba njia ya kutoka kwenye karatasi hii ipo.

Kuanzia 1977 hadi 1983 marehemu alifanya kazi ya kuchuma chai katika shamba kubwa upande wa Kericho, akikaa na shangazi yake. Wenzake wanasema mikono yake ilikuwa ikienda peke yake huku mdomo ukipiga hadithi. Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa kanisani na baba yangu, Mzee Johana Kiptum. Mungu aliwajalia watoto watatu: Weldon, mimi, na Zacheus. Walipanda chai ekari moja na nusu, wakafuga ng'ombe watatu, na Mama ndiye aliyekuwa akichuma, akikamua na kupalilia. Baba alikuwa, na bado ni, mtu mpole. Upole wake nitaurudia.

Kwa wageni wetu waliotoka mbali, niwaeleze jambo moja. Kwetu Wakipsigis maziwa ya asubuhi ni ya mwenye boma, na maziwa ya jioni ni ya mama wa nyumba. Mwanaume hayaulizi. Mama akitaka atayanywesha watoto, akitaka atayagandisha kwenye kibuyu, akitaka atayapeleka anakotaka. Katika boma lote, na chai yote ile aliyoichuma, kitu ambacho Mama angeweza kukiita chake bila mtu kukohoa ni maziwa ya jioni.

Mwanzoni mwa mwaka 2006 kituo cha maziwa hapa Kapsoit kilipata mashine ya kupoza, wakaanza kupokea maziwa ya jioni mpaka saa kumi na mbili. Kutoka kwetu ni kilomita nne. Mama alikuwa akimaliza kukamua saa kumi na moja na robo, anabeba mtungi mgongoni, na mara nyingi anafika mlango umefungwa. Wakati huo huo pickup ya Baba mdogo, Alfayo, ndugu yake Baba, ilikuwa ikibeba maziwa ya asubuhi ya wanaume wote wa mtaa huu. Jioni pickup hiyo hiyo ilishuka Kapsoit bila mzigo, kwa sababu Baba mdogo hupenda kukaa sokoni.

Ijumaa tarehe 3 Machi 2006, Mama alisimama kando ya barabara na mtungi wake, akaisimamisha pickup.

"Shemeji, gari inaenda tupu. Si unibebee hii mtungi tu mpaka pale kwa maziwa?"

Baba mdogo alitoa kichwa dirishani. "Maziwa ya jioni ni ya mama," akasema. "Na mama ako na miguu."

Wanaume waliokuwa wamesimama nyuma ya pickup walicheka pamoja naye. Baadhi yao wako hapa na wamekula chakula chetu wiki nzima. Baba yangu alikuwa amekaa mbele, kando ya dereva. Hakucheka, na hakusema kitu. Pickup ikaondoka. Mama alitembea mpaka Kapsoit, akakuta mlango umefungwa, akarudi na maziwa yale yale mgongoni. Jioni hiyo tulikunywa maziwa mpaka tukachoka, na hakuna aliyethubutu kuuliza sababu.

Kesho yake alienda dukani kwa Mama Jennifer Waceke. Wengi mnamjua: yeye na mumewe Chege walikuja kutoka Nyandarua mwaka 1994, wakafungua duka la vifaa vya ujenzi, na yeye ndiye mwanamke pekee tuliyekuwa tukimwona akiendesha baiskeli hapa. Mama hakumzungushia maneno. Alimwambia, "Nifunze hiyo kitu. Kuna mtu nataka nimpite." Waceke anasema hakuuliza ni nani. Alifunga duka, akatoa baiskeli yake, ile isiyo na chuma cha katikati, wakaenda uwanja wa shule.

Mama alikuwa na miaka arobaini na nne, na mwezi uliofuata akatimiza arobaini na tano. Alivaa suruali ya michezo ya Weldon chini ya sketi. Kila Jumamosi kwa miezi miwili alianguka, akainuka, akakung'uta sketi, akapanda tena. Kina mama walikuja kumcheka, wengine wakiwa na viti. Siku moja alikosa breki, akatoka uwanjani, akaingia katikati ya chai ya jirani, na walipomtoa alikuwa amekwaruzwa mashavu yote mawili. Waceke alikuwa akikimbia nyuma yake akipaza sauti, "Angalia mbele, wacha kuangalia tairi. Tairi iko tu." Maneno hayo Mama aliyasema nyumbani kwetu miaka kumi na minane, hata kwa watu waliokuja na shida za ndoa.

Jumatatu tarehe 8 Mei 2006, saa kumi na moja na nusu jioni, marehemu alifunga mtungi kwenye keria ya baiskeli nyeusi, kuukuu, aliyotafutiwa na Chege, akaelekea Kapsoit. Ili ufike Kapsoit ni lazima upite lango la Baba mdogo. Siku hiyo Baba mdogo alikuwa amekaa nje na wageni. Mama alipofika pale alipiga kengele mara mbili, ile ya kumwambia mtu apishe, akapita bila kugeuza shingo. Alifika kituoni saa kumi na moja na dakika hamsini.

Tangu siku hiyo alipiga kengele mbili kwenye lango lile kila jioni. Mvua ikinyesha, kengele mbili. Siku ya Krismasi, kengele mbili. Baba mdogo alisema ng'ombe wa mwanamke anayepanda baiskeli hukauka maziwa; ng'ombe wa Mama hawakukauka, alikauka wa kwake, na Mama akapiga kengele mbili. Baba mdogo akapanda ua mnene ili asimwone. Ua ulikua vizuri sana, lakini ua hauzibi sauti. Akapeleka maneno kwa wazee wa kanisa. Wazee walimwita Mama na kumwuliza kama baiskeli inamfaa mama mwenye heshima zake. Aliwajibu, "Nionyesheni njia ingine maziwa yangu itafika saa kumi na mbili, na hii nitawacha leo." Wakaomba, wakanywa chai, wakaenda zao.

Watu wengi wameniuliza wiki hii kwa nini mwanamke mzima anaanza baiskeli, na akishaanza kwa nini haachi. Nilimwuliza mwenyewe mwaka 2012, wakati pikipiki zilikuwa zimejaa kila mahali na angeweza kumpa mwendesha bodaboda mtungi wake na kukaa nyumbani. Alikuwa akipaka cheni mafuta.

"Mwaka ya kwanza nilikuwa napeleka hasira," aliniambia. "Maziwa ilikuwa imepewa lifti tu."

"Na sasa?"

"Sasa ni ile nusu saa. Kutoka asubuhi ni Mama hapa, Mama pale, Mama sabuni iko wapi. Nikishika hii barabara hakuna mtu ananiita. Na magoti imewacha kuuma."

"Kwa hivyo hasira iliisha?"

"Nani amesema?" akasema, akajaribu kengele.

Hiyo ndiyo sababu, na sitaipamba. Alianza kwa kisasi, na kisasi kikamletea kitu kizuri ambacho hakukitarajia, naye akavishika vyote viwili.

Kuanzia mwaka 2010 marehemu aliwafundisha wanawake kumi na mmoja kuendesha baiskeli, uwanja ule ule, Jumamosi zile zile. Mdogo wao alikuwa na miaka thelathini na mkubwa hamsini na nane. Kila aliyekuja alimwambia kwamba anataka kuokoa muda, au kufanya mazoezi. Mama aliwaacha waseme hivyo, halafu wiki ya tatu, wakishaweza kupinda kona, aliwauliza, "Haya, sasa niambie unataka kupita nani." Wote walikuwa na mtu. Mmoja alikuwa na mama mkwe. Mmoja alikuwa na mwalimu aliyemfukuza shule alipopata mimba. Nyamwange, jirani yetu anayeuza mayai, alisema hataki kupita mtu, kisha akalia, kisha akamtaja mumewe Sagini. Wote kumi na mmoja bado walikuwa wakiendesha mpaka wiki jana.

Mwezi wa Februari 2024 marehemu alianza kushindwa kumeza ugali. Alidhani ni homa ya koo. Kufikia Mei alikuwa akimeza uji tu, na Juni hospitali iligundua saratani ya umio. Alitibiwa kwa mwaka mzima bila kunung'unika sana, isipokuwa kwa chakula. Mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa Jumatano tarehe 14 Agosti 2024. Alikuwa amekonda mpaka Weldon alitembea kando yake akishika keria. Alipofika langoni mkono haukuwa na nguvu ya kusukuma kengele, akamwambia Weldon ampigie. Weldon akapiga mara moja. Mama akasimama, akamwangalia, mpaka akapiga ya pili. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025 saa nne asubuhi, kitandani kwake, mimi nikiwa nimemshika mkono.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi ya kamati haifiki.

Alhamisi tarehe 12, siku mbili tu baada ya Mama kuondoka, Baba mdogo aliingia verandani kwetu, akachukua baiskeli ya Mama, akaifungia kwenye stoo yake. Jioni hiyo, baada ya maombi, alisimama mbele ya waombolezaji na kusema kwamba baiskeli ndiyo iliyommaliza. Alisema upepo wa ule mteremko ulikuwa ukimwingia kooni miaka kumi na minane, na mwanamke hakuumbwa kupasua upepo. Watu waliitikia kwa vichwa. Niliwaona, na ninawakumbuka.

Nilimpigia daktari wake simu mbele ya kaka zangu. Alisema upepo haumpi mtu saratani ya umio. Alisema hawezi kujua ni nini hasa kilimpa Mama, lakini aliuliza kama alikuwa akinywa chai ikiwa ya moto sana. Nikamwambia kwetu chai isiyochoma mdomo inarudishwa jikoni. Basi ndugu zangu, kama mnataka kuogopa kitu, kipo kwenye kikombe mlichoshika.

Maneno ya Baba mdogo hayakubaki verandani. Ijumaa Sagini alifungia baiskeli ya Nyamwange chumbani na kusema hataki kuzika mke. Jumapili wengine wawili walifanyiwa hivyo hivyo. Mayai ya Nyamwange yako nyumbani, na Nyamwange anatembea. Hiki ndicho kinachonifanya nisinyamaze. Mama hawezi tena kudhulumiwa na mtu, amevuka. Lakini wale kumi na mmoja watarudishwa kando ya barabara na mitungi yao mgongoni, na watarudishwa kwa kutumia maiti ya mama yangu.

Jumatatu tarehe 16 niliusoma wasifu huu mbele ya kamati. Baba mdogo ndiye mwenyekiti. Alichukua kalamu nyekundu, akakata kila palipoandikwa baiskeli, kengele na pickup. "Wasifu ni ya kusifu," aliniambia. "Hizi mambo ya barabara itaaibisha ukoo."

Nikamwambia, "Baba mdogo, basi omba msamaha, na mimi nitakata mwenyewe."

Alicheka. Ni kicheko kile kile cha mwaka 2006, nilikitambua, ingawa saa ile nilikuwa bado sijarudi kutoka shuleni.

Baba yangu alikuwa amekaa kwenye kikao hicho. Hakucheka, na hakusema kitu. Mama alikuwa ameshamsamehe kwa ile siku ya pickup. Nami hapo ndipo nilipoona kwamba mimi sijamsamehe, na nilitoka nje ili nisimwambie.

Jumatano asubuhi, kabla sijaenda Kericho mjini kuchapisha, Baba alinikuta zizini nikikamua. Alisimama akishika mlango. Kisha akasema, "Fancy, ufunguo ya stoo ya Alfayo inakaa kwa koti yake ya kijivu. Mfuko ya ndani, upande wa moyo. Hiyo koti huvaa kila matanga."

Nikamwuliza kwa nini ananiambia.

"Andika," akasema. "Andika ni mimi nimesema. Ile siku nilikuwa ndani ya gari."

Nimeandika, Baba. Na kwako pia sasa sina neno.

Marehemu Mama Priska ameacha mume, Mzee Johana Kiptum, watoto watatu, Weldon, mimi Fancy, na Zacheus, wajukuu saba, kaka yake Kiplimo na ndugu zake wengine wanne, rafiki yake wa damu Jennifer Waceke, na wanawake kumi na mmoja. Wanane kati yao wamekuja na baiskeli, zimeegemea ua pale nyuma yenu. Watatu wamekuja kwa miguu, na waume zao wanajua kwa nini.

Ameacha pia shemeji mmoja, Alfayo, mwenyekiti wa kamati, ambaye bila shaka amevaa koti la kijivu. Stoo iko hatua mia mbili kutoka hapa. Kaburi liko tayari, mchungaji yuko tayari, na sisi wana wa marehemu hatuna haraka leo. Hatutamteremsha Mama mpaka baiskeli yake ifike hapa, ikisukumwa na mkono wa aliyeichukua, na apige kengele mara mbili mbele ya jeneza hili, ili Mama apishwe.

Baada ya hapo, Mama apumzike kwa amani. Kabla ya hapo, asipumzike mtu.